Cadillac ya mwaka 49 na nyundo ya Gerezani

Wadau habari za leo, mimi niko Michigan na kesho ni ile Jumamosi ya Agosti ambayo magari ya zamani yanajaa Woodward Avenue kutwa nzima, wanaiita Dream Cruise, na mwaka huu kuna gari moja itapita pale ambayo nimeinyoosha kwa mikono yangu, hata usingizi sijapata.

Ni Cadillac Series 62 ya 1949, ile ya paa la turubai linalojikunja, ilitengenezwa hapahapa Detroit. Zilitoka kama 8,000 tu za aina hiyo mwaka ule, na ndio mwaka walioleta injini mpya ya V8 yenye vali juu, lita 5.4, nguvu ya farasi 160. Injini haikutusumbua sana. Kazi ilikuwa bodi.

Nilipofika huku niliona mlango ukibonyea kidogo tu wanang'oa wanafunga mwingine, nikasema basi ufundi wangu wa kunyoosha bodi niliotoka nao Gerezani, kule Dar es Salaam, umekufa. Sasa ubavu wa Cadillac ya 49 unaagiza wapi? Bosi akanipa nyundo. Nyuma kushoto puti, ile ya kuziba mabonyeo, ilikuwa nene kama chapati tatu zimepangwa, nikakwangua siku mbili, chini bati limeoza, na chanzo kilikuwa ndani kabisa: paa, madirisha na kiti cha mbele vyote vinasukumwa na haidroli, yaani msukumo wa oili, na kiwandani walitia oili ya breki, sasa mipira ikizeeka inavuja, ile oili inakula rangi na inavuta unyevu, kutu inafuata. Nikakata, nikachomelea bati jipya, nikaanza kugonga taratibu.

Yale mapezi ya nyuma yalianza 1948, Harley Earl, mbunifu mkuu wa General Motors wenye Cadillac, na wenzake waliyatoa kwenye ndege ya kivita ya P-38. Ni madogo lakini yana mkunjo mgumu jamani! Mjomba alinifundisha kufumba macho na kupitisha kiganja, maana kiganja kinasikia kibonyeo ambacho jicho limeshakiruka, na hivyo ndivyo nilivyofanya, wiki tatu, wenzangu gereji wakaacha kazi zao kuja kuangalia.

Leo jioni tumeenda sheli na mzee mwenye gari, baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Cadillac. Kijana mmoja akazunguka anatafuta mdomo wa tangi haoni. Mzee akaniambia fungua wewe. Nikabonyeza chini ya taa ya nyuma kushoto, taa nzima ikanyanyuka, mdomo wa tangi huo hapo ndani ya pezi, kijana akapiga makofi. Wakati mafuta yanaingia mzee akaweka kiganja kwenye ubavu, akapitisha polepole anapatafuta pale palipokuwa na puti, akaenda akarudi, akaenda tena. Hakupaona.