Hesabu Nane za Kimya

Jumatano, tarehe 21 Septemba 2011, nilifika mazoezini nikiwa na msiba ambao hakuna aliyenipa pole. R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, walikuwa wametangaza kwamba basi, wameachana, baada ya miaka 31. Niliisoma habari kwenye simu, mfuko wa matoazi begani, nikasimama mlangoni nikaisoma tena. Hakukuwa na kesi wala matusi. Watu wazima walikaa, wakakubaliana, wakafunga virago.

Ndani, wenzangu hawakuwa na habari. Mpiga gitaa alikuwa amekalia amplifaya yake, karatasi imelala mapajani.

"Kaka, njoo uone hii, kisha tuanze."

Ilikuwa fomu ya kusajili wimbo. Tulikuwa na miaka mitatu ya kupiga roki pamoja na nyimbo kumi na moja, na kati ya hizo ni mmoja tu ambao watu walikuwa wakiuomba kwa kelele. Unaanza na gitaa peke yake, linapanda, linapanda, halafu kila kitu kinakatika. Hesabu nane za kimya. Ndipo dramu zinaingia zote kwa mkupuo, na besi nyuma yake. Ukumbini, watu walikuwa wakipiga mayowe ndani ya kile kimya, wanajua kinachokuja.

Kimya hicho kilizaliwa kwa ajali. Siku tuliyokuwa tukiujaribu kwa mara ya kwanza, kijiti kilinitoka mkononi kikabingirika hadi chini ya spika. Nikainama kukitafuta. Wenzangu, badala ya kuendelea, walinisubiri. Nilipokipata niliingia kwa hasira ya kujiaibisha, nikapiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwimbaji wetu akageuka, macho yamemtoka: "Usithubutu kuacha kufanya hivyo."

Sasa fomu ilisema hivi: muziki, mpiga gitaa, asilimia 60. Mashairi, mwimbaji, asilimia 40. Mpiga besi na mimi hatukuandikiwa hata sifuri. Majina yetu hayakuwepo kabisa.

Nikauliza, kwa upole niliouazima, kama kuna ukurasa wa pili.

"Bwana, usilichukulie vibaya," akasema. "Melodi nimeitunga mimi. Dramu ni mpangilio, si utunzi. Sheria ndiyo inavyosema."

Lazima niwe mkweli: hakuwa mwizi. Melodi ile aliihangaikia wiki nyingi usiku, na katika biashara ya muziki wengi wanahesabu hivyo hivyo, anayeandika melodi na anayeandika maneno ndio watunzi, na mirabaha ya utunzi inakwenda kwao. Kilichoniuma ni kwamba fomu ilikuwa imeshajazwa kwa wino.

Nikafanya kosa la kuanza kuhubiri. Niliwaambia kwamba bendi niliyokuwa nikiililia siku ile ilianza mwaka 1980 katika mji mdogo wa Athens, Georgia, Marekani, na onyesho lao la kwanza lilikuwa sherehe ya kuzaliwa ndani ya kanisa lililokuwa limeachwa. Na kwamba nilipokuwa mtoto nilikuwa nikisoma karatasi ya ndani ya kaseti zao kama watu wengine wanavyosoma magazeti, na majina ya watunzi yalikuwa manne: Berry, Buck, Mills, Stipe. Yamepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo mpiga dramu ndiye wa kwanza! Nilidhani ni jambo la kawaida, hadi nilipokua nikaona kaseti za wengine.

"Chukua 'Losing My Religion'," nikamwambia. "Peter Buck, mpiga gitaa wao, alikuwa anajifunza mandolini, ile ala kama gitaa dogo, nyumbani huku televisheni inawaka, anajirekodi. Aliposikiliza baadaye ndipo akakuta ile melodi ya mandolini. Yake peke yake, chumbani kwake. Mwaka 1991 wimbo ukafika nambari nne Marekani. Nani ameandikwa? Wote wanne."

"Wao walikuwa na pesa za kugawana," akajibu. "Sisi tunagawana nini?"

"Walianza kugawana wakati hawana kitu. Ndiyo maana pesa zilipokuja hazikuwakuta na cha kugombania."

Mpiga besi, ambaye hadi hapo alikuwa akikaza nyuzi zisizohitaji kukazwa, akacheka kidogo. Mpiga gitaa hakucheka.

"Haya, na huyo mpiga dramu wako alitunga nini hasa?"

Swali hilo nililingojea maisha yangu yote. Nikamwambia "Everybody Hurts", ule wimbo unaowaliza watu hadi leo, sehemu kubwa ni ya Bill Berry. Halafu, kwa sababu hasira hainyimi mtu ukweli, nikaongeza ambacho hakikunisaidia: kwamba ndani ya wimbo huohuo, sehemu kubwa mdundo unapigwa na mashine. Mpiga dramu alileta wimbo ambao haukumhitaji akipiga.

"Umeona?" akasema mpiga gitaa.

"Nimeona nini? Jina lake lipo."

Hapo mwimbaji akaingia kati, na nadhani alitaka kutuliza. "Lakini huyo Berry si aliondoka? Wakaendelea bila yeye?"

Ni kweli. Mwezi Machi 1995, jukwaani mjini Lausanne, Uswisi, mshipa wa damu ulimpasukia kichwani. Wenzake walisimamisha ziara, wakamngoja, na mwezi Mei walikuwa barabarani tena pamoja naye. Miaka miwili baadaye alichoka na kazi yenyewe, akataka kwenda shambani. Aliwaambia kwamba hataondoka iwapo kuondoka kwake kutaivunja bendi. Wakamwachia aende, na Michael Stipe, mwimbaji wao, akasema mbwa mwenye miguu mitatu bado ni mbwa.

Niliisema ile ya mbwa kabla sijaifikiria. Chumba kikanyamaza. Mpiga gitaa alinitazama kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilitafuta.

"Kwa hiyo tumeelewana," akasema.

Mwimbaji akaichukua fomu, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya kasha la maikrofoni. "Chumba tumekilipia mpaka saa nne, jamani. Tupige angalau mara moja, mengine tutaongea kesho."

Nikapanga matoazi, nikakaa. Gitaa likaanza. Likapanda, kama kawaida, na niseme haki yake, jioni ile alilipiga vizuri kuliko siku zote. Likafika juu kabisa, likakatika.

Nikaingia papo hapo. Sikuhesabu hata moja.

Besi ikashtuka, ikanifuata kwa kusuasua. Mwimbaji alikosa pa kuanzia, akabaki na maikrofoni mdomoni. Mpiga gitaa akainua mkono, tukaacha.

"Umewahi."

"Sijawahi," nikasema. "Hivyo ndivyo ulivyoutunga."

Nilijiona nimesema neno kubwa. Usiku ule, nikiwa nimebeba dramu kubwa ngazini, mpiga besi akanisaidia upande wa chini bila kusema chochote, na tulipofika nje akaniuliza kama ni kweli R.E.M. wamevunjika. Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa. "Wale wa mandolini," akasema. Nadhani hakuwahi kuujua wimbo wao mwingine.

Sikurudi tena. Hakuna aliyenifukuza, na fomu sijui iliishia wapi.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kuwasikiliza, nikasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Walikuwa wamepata mpiga dramu mpya, kijana mwenye mkono safi kuliko wangu, halazimishi. Wimbo ule waliuweka mwishoni. Gitaa likaanza peke yake, likapanda, likakatika, na watu wakapiga mayowe. Yule kijana akakaa kimya, vijiti juu. Nikajikuta nahesabu pamoja naye, kwa midomo tu. Alifika nane kamili, akaingia.