Sista asiyezalisha

"Sasa huko Uingereza wazalisha wangapi kwa usiku?" shangazi aliniuliza juzi, tumekaa kwenye baraza yake Majengo, mbaazi zikitokota ndani.

"Sizalishi, shangazi. Nauguza wazee."

Akaweka kikombe chini. "Huzalishi? Kwani mikono umeiacha wapi?"

Hapa Mombasa nilikaa leba miaka tisa. Mtoto wa jirani aliyetuletea mahamri asubuhi ile nilimpokea mimi, stima zimepotea, genereta imegoma, tochi ya simu nimeibana kwa meno. Mamake nikamshona kwa mwanga huohuo. Mpaka leo yule mama huniita sista, na kwa umri yeye ndiye mkubwa.

Kenya tunasomea vyote pamoja: wodi, afya ya jamii, magonjwa ya akili, ukunga. Uingereza wamevitenga. Baraza lao, NMC, lina daftari la wauguzi na daftari la wakunga, na wauguzi wenyewe wamegawanywa tena: wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili, wa wenye ulemavu wa kujifunza. Wakala alinijazia fomu ya watu wazima kwa kuwa ndiyo nafasi iliyokuwapo. Nikatia sahihi bila swali. Nilikuwa hoi kwa makaratasi: mtihani wa Kiingereza, IELTS, alama 7 (kwenye kuandika hukubali 6.5), uthibitisho wa Baraza la Wauguzi la Kenya, mtihani wa kompyuta.

Mtihani wa vitendo, OSCE, haufanyiki Kenya, unaufuata hukohuko. Ni vituo 10, na mtahini amesimama na karatasi yake anatia alama. Kwenye kituo cha dawa nilisoma chati, nikahesabu dozi sawasawa, nikampa mgonjwa. Sikumuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Nikaanguka papo hapo. Nililia kwenye basi mpaka dereva akanitazama kiooni. Mara ya pili nilipita, na hapo ndipo mshahara ukatoka kwenye wa msaidizi ukawa wa bendi 5, pale pale anapoanzia aliyemaliza chuo juzi. Ile miaka tisa haikunipandisha hata ngazi moja.

Lakini kilichonikata maini si pesa. Usiku mmoja binti wa mgonjwa wangu, mjamzito wa siku zake, alikuja kumuaga babake kabla ya kulala. Akashika chuma cha kitanda, akainama, akapumua ile pumzi. Naijua. Nikatazama saa yangu ya kifuani: dakika nne, kisha tena nne. Kiongozi wa zamu akapigia simu wodi ya wazazi, wakaja na kiti cha magurudumu. Kazi yangu ilikuwa kumbebea mkoba mpaka mlango wa lifti. Asubuhi yule mzee akaniambia amepata mjukuu wa kike, nikampa hongera, nikampima presha.

Siwalaumu sana. Hapa nilikuwa fundi wa kila kitu kwa sababu zamu nyingine nilikuwa peke yangu, na mengine niliyoyafanya usiku ule wa tochi singependa yafanywe kwa dada yangu. Na wazee wamenifunza subira ambayo leba hainayo.

Njia ya daftari la wakunga ipo: maombi mengine, ada nyingine, mitihani mingine. Nimeanza kuiwekea akiba kidogo kidogo. Binti wa shangazi, anayesomea uuguzi chuo cha KMTC hapa hapa Mombasa, nimemwambia akifuatwa na wakala aulize daftari kwanza, mshahara baadaye. Sijui kama alinisikia. Alikuwa anatazama viatu vyangu.

Shangazi naye hakuridhika. Akamwita mkwewe kutoka ndani, mimba ya miezi minane, akamlaza kwenye mkeka. "Mpapase basi, utuambie kichwa kiko wapi."

Nikamwambia kliniki haikwepeki hata nikimpapasa. Nikaenda kunawa, nikarudi, nikapiga magoti. Kabla sijamgusa nikajisikia namuuliza jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, na kama kuna dawa yoyote inayomdhuru.

"Wee," shangazi akasema, "si wamjua huyu tangu harusi yake?"