Neno la Kwanza la Danieli kwa Arioko

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekaa kwenye Danieli 2. Miaka mingi nimeisoma sura hii nikiikimbilia sanamu aliyoiota Nebukadreza, mfalme wa Babeli: kichwa cha dhahabu, kifua na mikono ya fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma, nyayo za chuma na udongo, kisha lile jiwe lililochongwa bila kazi ya mikono. Falme zinazowakilishwa na sehemu hizo tunabishania sana. Safari hii nimekwama aya ya 24.

Nebukadreza ameota, usingizi umempaa, anataka waganga na Wakaldayo, wenye hekima wake, wamtajie ndoto yenyewe kwanza ndipo waifasiri. Wanamwambia hakuna mwanadamu duniani awezaye jambo hilo, na ni kweli. Amri inatoka: wenye hekima wote wa Babeli wauawe. Danieli na wenzake wamo, ingawa hawakuwapo hata wenzao walipoulizwa.

Danieli anaomba muda, anarudi nyumbani, anawaeleza Hanania, Mishaeli na Azaria, na wote wanaomba rehema kwa Mungu wa mbinguni. Usiku siri inafunuliwa. Hapo mimi ningetoka mbio kwenda kwa mfalme, maana upanga uko mlangoni! Yeye anamhimidi Mungu kwanza, aya nne nzima. Ndipo anamwendea Arioko, yule aliyepewa kazi ya kuua, na neno la kwanza kinywani mwake ni hili: "Usiwaangamize wenye hekima wa Babeli."

Anawaombea waganga. Watu wa miungu mingine kabisa. Wangekufa, angebaki yeye peke yake mwenye majibu ikulu.

Arioko naye anamwingiza haraka kwa mfalme, anasema amemwona mtu, kana kwamba yeye ndiye aliyemtafuta. Danieli hagombei sifa hiyo. Anasema tu kwamba "yuko Mungu mbinguni afunuaye siri", na kwamba yeye hakufunuliwa kwa kuwa ana hekima kuliko wengine.

Nimejiuliza, na limeniuma: mara ngapi Bwana amenipa ufahamu wa Neno, nami haraka yangu yote ikawa nitasimama lini kulihubiri?

Mwisho wa sura Danieli ana cheo na zawadi nyingi, na anawakumbuka mbele ya mfalme wale watatu walioomba pamoja naye. Kuhusu waganga walioponea kwa neno lake, Maandiko hayasemi kama hata mmoja alirudi kumshukuru.