Sahani za Bwana Waziri

Shangazi alipokuja Ujerumani kunitembelea, nilimpeleka Dresden, kwenye makumbusho ya kaure katika jumba la Zwinger, maana yeye ni mtu wa vyombo. Kwao Lamu zidaka za ukutani zilijaa bakuli za kaure za Kichina alizorithi kwa mama yake, na ole wako uziguse.

Mitungi mikubwa ya buluu na nyeupe aliipita bila kusimama, hadi nilipomwambia kisa chake. Mwaka 1717 August, mtawala wa Saksonia, alimpa mfalme wa Prussia askari 600, akapewa vipande 151 vya kaure ya Kichina.

"Watu kwa mitungi?" Akarudi kuitazama upya, kajikunja uso.

Kilichomnasa ni sahani moja nyeupe. Ilitoka kwenye seti ya Batamaji, iliyofinyangwa katika kiwanda cha kaure cha Meissen kati ya 1737 na 1742 kwa ajili ya Heinrich von Brühl, waziri wa Saksonia: vipande zaidi ya 2,200, kwa meza ya mtu mmoja! Fundi mkuu alikuwa Johann Joachim Kändler.

Kwa mbali unaona ukingo wa dhahabu, nembo na maua machache tu. Shangazi akainama mpaka pumzi zake zikatia ukungu kwenye kioo. Hapo ndipo walipojitokeza: batamaji wawili majini, korongo, matete, vyote vimeinuka kidogo katika udongo wenyewe bila tone la rangi, na mistari kama ya kombe imeenea sahani nzima. Ukisimama wima, wanapotea.

"Sasa wakitia mchuzi?"

"Wanazama, Shangazi."

Alicheka hadi mlinzi akatugeukia. Kisha akauliza kama huyo waziri alilipa. Nikamjibu kwamba kiwanda chenyewe kilikuwa chini ya usimamizi wake.

"Ala! Kumbe mawaziri ni wale wale."

Nilipomweleza kwamba vipande vingi vya seti hiyo vilivunjwa au kupotea mwaka 1945, kwenye kasri la ukoo wa Brühl ambalo leo liko Poland, alinyamaza kidogo, akauliza duka liko wapi. Huko alikipindua kikombe, akaziona panga mbili za buluu kitakoni, alama ya Meissen, akasoma bei, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Twende tukale," akasema. "Kwenye sahani za kawaida."