Nilivyotengeneza boila iliyokuwa inavuja kwenye mashine yangu ya espresso, Kigoma

Kigoma tunaitwa mwisho wa reli, na siku ukitafuta kipuri cha mashine ya kahawa ndipo utajua jina hilo si utani. Kahawa yenyewe haina tabu. Arabika ya Kalinzi inalimwa hapo juu milimani, naipata mbichi na kuikaanga mwenyewe nyumbani Mwanga. Tabu ni mashine. Yangu ni ndogo ya nyumbani, ya Kiitaliano, niliinunua mtumba. Boila yake, yaani chombo cha ndani kinachopasha maji moto, ni vipande viwili, cha juu alumini na cha chini shaba nyeupe iliyopakwa kromu, vimebanwa kwa bolti nne na katikati pana oringi, pete ya mpira inayozuia maji yasipite. Majirani wanaokunywa kahawa ya kijiweni na kashata wananiona kichaa, na kwa bei ya mashine ile siwalaumu.

Dalili ya kwanza ilikuwa maji mezani. Kila mtu aliyeangalia alisema ni tangi, maana tangi ndiyo inayoonekana. Lakini tangi ikitolewa na kuwekwa kwenye beseni ilikaa kavu. Kilichochanganya zaidi ni kwamba mashine ikiwa baridi ilidondosha, ikishapata moto inapungua, halafu unajipa moyo kwamba imepona. Asubuhi moja breka ya nyumba ikaruka nilipoiwasha. Hapo sikuigusa tena mpaka niifungue, kwa sababu maji na umeme wa volti 230 havikai chumba kimoja.

Kabla ya bisibisi: chomoa plagi kwenye soketi, usizime swichi tu. Fungua bomba la mvuke mpaka presha iishe, kisha iache ipoe kabisa. Nilipiga picha za waya zote kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja, na hizo picha ndizo zilizonirudisha nyumbani baadaye.

Maji ndani ya mashine hayadondoki pale yanapotokea. Yanafuata waya, yanatambaa kwenye fremu, yanaibukia kona nyingine kabisa. Kwa hiyo nilikausha kila kitu kwa kitambaa, nikaiacha barazani ipigwe na jua, halafu nikazungushia tishu kila kiungio: kwenye mpira unaotoka kwenye pampu, kwenye valvu, na kuzunguka boila. Waya za hita nilizichomoa na kuzifunga kwa tepu ya umeme ili pampu ifanye kazi bila moto. Nikarudisha plagi, nikawasha pampu, mikono mbali. Tishu ya boila ikalowa upande wa nyuma, pale vipande viwili vinapokutana. Nyingine zote kavu.

Bolti zilikuwa zimeganda, nikampelekea shemeji yangu anayetengeneza injini za boti Kibirizi. Yeye hakuona kazi hapo.

"Shemeji, paka silikoni ile nyekundu ya injini, bana, kesho unakunywa."

Nikamwambia pampu ya hizi mashine inaweza kufika presha ya bar 15, kahawa yenyewe inapita kwenye bar 9 hivi, maji ni nyuzi 90 na ushee, na ukitaka mvuke boila inapita 120. Tena kinachotoka humo kinaingia tumboni.

"Basi kunywa chai," akasema, huku ameshashika spana.

Kwa bolti lakini ni mwalimu. Hakulegeza kwanza: alikaza kidogo sana, ule ukutu ukaachia kwa mlio, ndipo akalegeza. Zote zikatoka bila kukatika.

Ndani, oringi ilikuwa imebapa na kukakamaa. Nilipoikunja ikavunjika kama mkate wa jana. Mfereji wake ulijaa ukoko mweupe. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina madini ya kutosha. Angalia chini ya birika lako utaona. Nililoweka vipande kwenye maji ya uvuguvugu yenye asidi ya sitriki, ile ya unga inayotumika jikoni, bila kuvisahau humo, kwa kuwa asidi inakula alumini. Ukoko uliobaki nikautoa kwa kijiti cha mbao. Kisu au bisibisi kingeacha mkwaruzo, na mkwaruzo ni njia mpya ya maji. Uso wa alumini ulikuwa na vishimo vya kutu, nikalaza msasa namba 400 juu ya kioo cha dirisha na kuusugua kwa mzunguko mpaka rangi ikalingana, kisha nikamaliza na laini zaidi.

Kuhusu oringi nina msimamo. Zile nyeusi za madukani, za pampu na trekta, nyingi ni za mpira unaostahimili mafuta, lakini mvuke unazikausha upesi. Nilitaka EPDM, aina ya mpira unaostahimili maji ya moto na mvuke, ile ya kugusa chakula. Ile ya zamani haikufaa kupimwa kwa kuwa ilishabapa, nikapima mfereji wenyewe kwa kaliba: kipenyo, upana na kina. Vipimo nikavituma Dar, zikaja kwa basi, na nikaagiza za akiba kwa sababu nauli ya kifurushi ni ileile. Usiipake grisi ya gari. Mafuta ya petroli yanaivimbisha EPDM. Nilitumia grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, tone tu.

Kufunga ni kwa msalaba: bolti hii, kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo, mpaka vipande vimebana sawasawa. Usiongeze nguvu za kiume, meno ya alumini huliwa haraka. Waya wa ethi niliurudisha wa kwanza, nikaukagua mara nyingine kabla ya kufunga bati.

Nilijaribu tena na tishu: kwanza maji baridi bila hita, kisha moto wa kahawa, mwisho mvuke. Kavu.

Sasa nachanganya maji ya bomba na ya mvua yaliyochujwa, nusu kwa nusu, kipindi cha mvua. Ya mvua matupu yanatoa kahawa iliyopooza. Bomba la mvuke bado linatoa tone moja moja mashine ikikaa muda mrefu. Hiyo ni oringi nyingine, ndogo, na vipimo vyake nimeshavituma Dar.