Sola ya nyumbani Njombe: bado tumekwama kwenye mti

Desemba ndo nilianza na kitu rahisi kabisa, nikasoma mita ya LUKU saa moja asubuhi, kesho yake saa ileile nikasoma tena, imekula uniti 2.9. Nikafanya hivyo siku nne, haikuzidi 3. Hapo kuna pasi na hita ya maji ambavyo sola yangu havitagusa, hilo nimeshamwambia mke wangu na hajafurahi. Vilivyobaki nikaviandika kwenye daftari: taa 7 za wati 9 kwa masaa matano, tivii ya wati 45, friji dogo ambalo kwa siku linakula kama wati-saa 700, laptop, ruta isiyozimwa, simu. Jumla wati-saa 1855 kwa siku. Nikaongeza robo ya upotevu wa inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) na waya, ikaja kama 2300. Jua nimelipigia masaa manne kamili tu kwa siku, najua jua linawaka masaa 12 ila la saa mbili asubuhi siyo la saa saba mchana, na masika huku mawingu hayana adabu. Kwaiyo ukigawanya unapata wati kama 580, mimi nikaamua paneli mbili za 550 ili mvua isinidhalilishe. Betri lithiamu ya volti 24, ampea-saa 100.

Mwezi huohuo nikapanda juu ya paa kuangalia kivuli, hamna hata kimoja, paa jeupeee. Nikashuka nimeridhika.

Kosa langu kubwa liko hapo. Njombe tuko nyuzi 9 na kidogo kusini mwa ikweta, Desemba jua la mchana linapita upande wa kusini kwetu, Juni limehamia kaskazini na limelala. Na kaskazini mwa nyumba kuna mparachichi. Juni tarehe 14 nimepanda tena na chaki, kila saa nachora mstari kivuli kinapoishia, kuanzia saa tatu mpaka saa saba nusu ya paa iko gizani. Na kivuli cha tawi moja siyo kwamba kinakula pale kilipoangukia tu, kinavuta chini na sehemu kubwa ya paneli ambayo haijaguswa.

Nikaenda kwa mama nimejipanga na maneno mazuri. Hata sijamaliza. "Baba yako aliupanda mwaka uliozaliwa wewe, na parachichi zake ndo zimekulipia ada ya sekondari. Lihamishe hilo jua lako, mti hauhami." Nikasema haya mama. Hata matawi mawili ya juu nilipoomba aliniangalia tu.

Basi tukabaki na banda la ng'ombe. Paa lake lina mteremko mmoja na linaangalia kaskazini (dira ya simu ukiisogeza kwenye bati inachanganyikiwa, nilisimama mbali uwanjani ndo ikatulia), mwinamo nyuzi 12, unatosha mvua kuosha vumbi. Fundi alikuja, "kamwene mwalimu", akazunguka, akagonga nguzo za mlingoti moja moja kwa nyundo, akasema mbili zimeoza chini tubadilishe maana kila paneli ina kilo kama 28 na upepo wa huku tunaujua. Sawa.

Ila banda liko mita 28 kutoka chumba cha betri, na hapa ndo nimejifunza zaidi kuliko kote. Nilikuwa nimepanga kuunga paraleli, yaani volti zinabaki 42 hivi na ampea zinajumlishwa kuwa 26. Kwa waya wa milimita 6 za mraba, kwenda na kurudi mita 56, unapoteza volti kama nne na nusu njiani, zaidi ya asilimia 10 ya umeme inapasha joto udongo! Ukiunga siriizi volti zinakuwa 84 na ampea zinabaki 13, hasara inashuka karibu asilimia 3. Waya uleule. Nikafurahi usiku mzima, asubuhi nikageuza kontrola yangu (kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuchaji betri) kusoma kibandiko: mwisho volti 100.

Nyuma ya paneli imeandikwa volti 49.9 ikiwa haijabebeshwa mzigo. Mbili ni 99.8. Fundi akasema si imepita, chini ya mia. Nikamwambia kaka hiyo namba wamepima kwenye nyuzi 25, paneli ikipoa volti zinapanda, na hapa Julai jua linachomoza kuna nyuzi 8. Tukapiga hesabu pale pale juu ya ndoo ya maziwa, ikaja 104. Hiyo kontrola ingeweza kufa asubuhi ya kwanza ya baridi. Nimeiuza kwa hasara, nimechukua ya volti 150. Niliinunua kabla ya kupima chochote kwa sababu ilikuwa bei nzuri, sina wa kumlaumu.

Betri inakaa ndani, siyo stoo ya nje, lithiamu hairuhusiwi kuchajiwa ikishuka chini ya nyuzi sifuri na huku baridi huwezi kuiamini. Fimbo ya athi (ya kupeleka umeme ardhini) tayari tumepigilia pale bandani, radi za hapa sizichezei.

Jumamosi hii tumechimba mtaro wa waya mimi na vijana wawili. Mita 19 safi kabisa, udongo laini, tunapiga stori. Ya 20 jembe likagonga kitu kikarudisha mkono. Mzizi, mnene kama paja. Tukachimba pembeni, mwingine. Mama alikuwa amekaa barazani anachambua maharage, hakusema neno, ila nilimwona anacheka.

Tumeuzungusha mtaro, imeongezeka mita nne. Nilinunua waya mita 60, sasa zinatakiwa 64. Jumatatu narudi dukani, kiungo nitakiweka kule juu kwenye paneli, siyo chini ya udongo.