Nilifuta Mkataba wa Kiwanja, Nikaukuta Chini ya Kitanda

Chanzo ni mpwa wangu, kijana anayejua kila kitu mpaka siku utakapomhitaji. Mwezi wa tatu barua pepe ziliacha kuniingia. Mteja akapiga simu: "Mzee, kila nikikutumia inarudi." Kumbe zile gigabaiti 15 za bure za Gmail zimejaa, maana picha za harusi ya shemeji nazo zinakula sahani hiyo hiyo.

"Mjomba, futa za zamani." Nikafuta jioni nzima, elfu na kitu. Nafasi haikuongezeka hata chembe. "Zimeenda Tupio, mjomba. Zinakaa humo siku 30 na bado zinahesabiwa. Safisha Tupio." Nikabonyeza. Simu ikauliza kama nina uhakika. Mtu mzima wa miaka 52, nikajibu ninao. Nikalala usingizi wa mfalme.

Haijapita wiki tatu, jirani wa kiwanja changu cha Chanika akaanza kuchimba msingi ndani ya mpaka wangu. Serikali ya mtaa wakataka mkataba wa mauziano. Karatasi yenyewe ilishaliwa na mchwa. Nakala niliyoiskani mwaka 2015 nilijitumia kwa imeili, nikitamba kwamba mchwa hawali intaneti. Kweli hawakula. Nilikula mwenyewe.

Fundi mmoja wa simu Kariakoo akaniambia niache simu, ana programu inayorudisha kila kilichofutwa. Alitaka themanini, nadhani niliishia kumpa hamsini. Kesho yake akanikabidhi picha kama mia tatu za maua yenye "Asubuhi njema familia". Mkataba hakuna! Hasira zangu zilinifanya nisome, nikagundua kwamba barua inakaa kwenye seva, yaani kompyuta za Google wenye Gmail yao huko mbali, simu inakuonyesha tu. Kuitafuta ndani ya simu ni kukamua kikombe kwa sababu jana kilikuwa na maziwa.

Wengine wakasema niwaandikie Google. Wana fomu kweli, nikaijaza, sikupata kitu. Wenyewe wanaeleza kwamba kufuta kabisa kwenye mitambo yao huchukua kama miezi miwili, na nakala za akiba zinaweza kubaki hadi miezi sita, lakini hiyo haina maana watakuchambulia yako. Mwaka 2011 hitilafu yao ilipoteza barua za watu, wakazirudisha kutoka kwenye kanda za kuhifadhia data. Ile ilikuwa hitilafu yao. Yangu ilikuwa kidole changu.

Nilimkumbuka pia mwenzangu wa ofisini niliyemtumia nakala ile ile. Alishaacha kazi, imeili yake ya ofisi ikafungwa.

Usiku mmoja, nusu usingizini, nikakumbuka laptopu yangu ya zamani iliyo chini ya kitanda, yenye Thunderbird niliyokuwa nikisomea barua. Programu hiyo, usipoibadilisha, hushusha barua nzima na viambatisho vyake na kuviweka ndani ya mashine. Sijaiwasha tangu 2019. Nikaruka!

Hapa ndipo naomba nisifiwe. Mkono ulikuwa umefika kwenye kitufe nikauzuia. Laptopu ile ikinusa intaneti tu, itaiuliza seva kuna nini, seva itajibu zile barua hazipo, nayo itazifuta kwake kwa utiifu. Nikazima ruta. Kisha nikakumbuka inaijua hotspoti ya binti yangu. Saa nane usiku nikamwamsha azime simu. "Baba, unaumwa?" Nikamzimisha na mama yake, ambaye maneno yake siyaandiki.

Betri ilishakufa. Chaja ilikubali kwa kuinamishwa tu, kwa hiyo nimepiga goti, mkono mmoja umeshika waya, mwingine unatafuta neno "Chanika". Mkataba huo hapo! Kurasa tatu, sahihi za mashahidi, hata doa la chai. Nikautia kwenye flashi mbili, asubuhi nikachapisha. Jirani amefukia msingi wake, ingawa hanisalimii.

Nilipotoa nilichotaka nikapekua zaidi, nikakutana na barua ya 2016 niliyomwandikia bosi wangu wa zamani siku niliyokasirika. Ilikuwa kwenye ile elfu na kitu, na nilipoifuta nilijisikia kama nimeomba radhi. Niliisoma mpaka mwisho. Nilikuwa na lugha mimi!

Nikawasha ruta makusudi, nione. Laptopu ikatafakari kidogo, barua zikaanza kutoweka folda moja baada ya nyingine, na ile ya bosi ikaenda nazo. Upande wangu, maana nakala ya bosi bado iko kwa bosi.